Mama Yudith wa Wodi ya Kimya

Alhamisi hii, tarehe 31 Desemba 1959, Mama Yudith Asukile atavua aproni yake na kuikabidhi. Atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili ya utumishi katika hospitali yetu ya misheni hapa Isengelo. Wengi wetu hatujawahi kuiona hospitali hii bila yeye. Dresa mmoja, mfunga vidonda wetu, aliuliza wiki iliyopita kama majengo yenyewe yatabaki yamesimama, na hakuna aliyecheka sana.

Alizaliwa upande wa Tukuyu, kwenye migomba na mvua, akaja hapa mwaka 1927 akiwa binti aliyejua kusoma Biblia kwa Kinyakyusa na kuhesabu hadi mia. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kufua mashuka. Anasema alichukia maji ya hapa kwa sababu ni baridi kuliko ya kwao, na kwamba alipanga kukaa mpaka mavuno tu kisha arudi. Mavuno yakapita. Bibi nesi mkuu wa wakati ule alimwona akimlisha uji mgonjwa aliyekuwa amewashinda wauguzi watatu, akamtoa kwenye beseni la nguo siku iyo hiyo na kumpeleka wodini. Tangu hapo amefanya kazi ya uzazi, ya majeraha, ya watoto, na kwa miaka mingi wodi ya kifua kikuu.

Alipata mume hapa hapa, fundi mwashi Jailos, aliyekuja kujenga ukuta wa jiko na akaujenga polepole mno. Mama Yudith husema ukuta ule ungeisha kwa wiki moja kama jiko lisingekuwa mkabala na wodi yake. Wamelea watoto wanne. Mzee Jailos alitangulia Tukuyu mwaka jana kutazama kahawa, na habari tulizonazo ni kwamba kahawa inaendelea vizuri ila mzee amechoka kula viazi alivyojipikia.

Ilikuwa katika wodi ya kifua kikuu ndipo alipokutana kwa mara ya kwanza na jambo ambalo baadaye lilibadilisha kazi yake yote. Mwaka 1953 Daktari Lindholm alipokea kutoka ng'ambo vidonge vipya vya kifua, vinavyoitwa iproniazidi. Wagonjwa wetu walikuwa watu wa kulala na kukohoa, na kuomba dirisha lifungwe. Baada ya wiki chache za vidonge hivyo wodi haikukalika. Watu ambao mapafu yao yalikuwa bado hayajapona walianza kuimba. Waliomba ugali wa pili. Waligombea nani aongoze wimbo wa asubuhi. Mzee Saulo, mkulima wa Kisafwa ambaye mwezi uliotangulia alikuwa ameagiza sanda, alimposa Mama Yudith mbele ya wodi nzima. Alipoambiwa kwamba ana mume, alijibu kwamba hana haraka, atasubiri.

Tulicheka sana. Mama Yudith naye alicheka, lakini baadaye alimfuata Daktari akamwambia, "Hawa wamefurahi kabla ya kupona. Kifua bado kibovu, ila moyo umepona. Dawa hii inafanya nini?" Daktari alikiri kwamba hata wenzake wa Ulaya na Amerika walikuwa wameona jambo hilo hilo na walikuwa wakijiuliza vivyo hivyo. Vidonge hivyo viliachwa katika wodi ya kifua kwa sababu ya madhara yake, na ndugu yake, isoniazidi, ambayo haifanyi watu waposane, ndiyo tunayoitumia mpaka leo. Lakini swali lilibaki.

Wasomaji wageni wafahamu kwamba nyuma ya bustani ya mboga tuna nyumba ndogo yenye vitanda vinane. Jina lake la ofisini ni Wodi ya Mapumziko. Sisi sote tunaiita Wodi ya Kimya. Wanaoletwa huko hawana homa wala jeraha. Ni watu walioacha kula, walioacha kusema, walioacha kulima shamba ambalo jembe lake liko mlangoni. Ndugu zao wengi wamekwisha kwenda kwa waganga wa kienyeji na kwa wachungaji kabla ya kuja kwetu, na hatuwalaumu, maana kwa miaka mingi sisi wenyewe hatukuwa na la kuwapa. Tuliwapa dawa za usingizi, wakalala na huzuni yao na kuamka nayo. Kulikuwa pia na vidonge vya kuchangamsha. Hivyo vilimwinua mtu kwa nusu siku, moyo ukamwenda mbio, chakula kikamshinda, usingizi ukamruka, na jioni akaanguka chini kuliko alipokuwa asubuhi. Mama Yudith aliviita vidonge vya kukopa.

Mwaka 1957 Daktari alipopata habari kwamba ile iproniazidi ya zamani sasa inatolewa kwa watu wa huzuni nzito, alimwomba Mama Yudith ahamie Wodi ya Kimya. Alikubali kwa sharti moja: wake au waume wa wagonjwa waruhusiwe kukaa nao mchana kutwa. Sharti hilo lilileta maneno mengi katika kikao cha wakubwa, na likapita.

Sasa tuseme habari za Joachim. Yeye mwenyewe ndiye aliyetuomba tuziandike. Alipopita hapa mwezi uliopita na kusikia kwamba tunaandaa wasifu huu, alisema, "Msipoandika habari zangu, mtakuwa mmeandika nusu ya Mama."

Joachim ni Mhehe wa upande wa Tosamaganga, mtu wa miaka kama thelathini na mitano, dereva wa lori aliyekuwa akiishi Ilomba na mkewe Matilda na watoto wao. Alibeba mizigo kati ya Iringa na Mbeya, na mara nyingine vifaa vya wachimba dhahabu hadi Makongolosi. Katikati ya mwaka 1958, akipanda barabara ya Chunya katika ukungu, lori lilirudi nyuma likapinduka. Ndani alikuwa na mdogo wake, Mika, aliyekuwa ameomba lifti kwenda kutafuta kazi machimboni. Joachim alitoka na mkwaruzo wa shavuni. Mika hakutoka.

Polisi walipima barabara na kusema hakuna kosa la dereva. Tajiri mwenye lori alisema hivyo hivyo. Mama yao alisafiri kutoka Tosamaganga, akamshika Joachim kichwa, akamwambia kwamba hana neno naye. Joachim anasema angalau mtu mmoja angemtukana, angekuwa na mahali pa kusimama. Baada ya matanga aliacha kuoga. Kisha akaacha kula nyama, kisha chakula chote isipokuwa uji anaolishwa. Alikaa akitazama mikono yake. Matilda alimleta kwetu mwezi wa Oktoba akiwa kwenye toroli la jirani, ingawa miguu yake haikuwa na ugonjwa wowote.

Mama Yudith alimpokea kwa salamu ya Kihehe aliyojifunza kwa wagonjwa. "Kamwene," alisema. Hakuitikiwa. Akavuta kigoda, akaanza kuchambua maharage karibu naye, na akaendelea hivyo kila siku baada ya kazi bila kumuuliza swali hata moja.

Matilda ndiye aliyekuwa na maswali. Siku Daktari alipoagiza vidonge, alimfuata Mama Yudith barazani.

"Mama, hii ni dawa ya kumlewesha?"

"Hapana, mwanangu. Ya kumlewesha tunayo, na haimsaidii."

"Basi inafanya nini?"

Mama Yudith alimweleza kama Daktari alivyotueleza sisi darasani, ila kwa maneno yake. Alisema kwamba ndani ya ubongo kuna vitu vidogo visivyoonekana, ambavyo kazi yake ni kubeba habari kutoka sehemu moja hadi nyingine: habari ya njaa, ya furaha, ya kutaka kuamka. Vikishafikisha habari, mwili una kitu chake cha kuvisafisha, kama mwanamke anayefagia uwanja wake kila asubuhi. Kwa mtu mwenye ugonjwa huu, wakubwa wa Ulaya wanadhani, vitu hivyo vimekuwa vichache, na mfagiaji anavizoa mapema mno.

"Kidonge hiki kinamshika mfagiaji mkono," alisema. "Vile vibeba habari vinabaki uwanjani, vinakuwa vingi. Lakini havijazani kwa siku moja. Tutangoja wiki mbili, tatu, pengine zaidi. Usije ukaniambia kesho kwamba haifanyi kazi."

"Na itamdhuru?"

"Inaweza. Atasikia kizunguzungu akisimama ghafla, kwa hiyo tutamsimamisha polepole. Usingizi unaweza kumpotea. Wengine miguu hufa ganzi, wengine kichwa huwauma ghafla, na hatujui kwa nini. Na mara chache inaumiza ini. Wewe unayemtazama uso kila siku, ukiona chochote, niambie. Usiogope kunisumbua."

Wiki ya tatu Joachim aliomba maji kwa sauti yake mwenyewe. Wiki iliyofuata alikula ndizi, akauliza watoto wanakula nini. Matilda alipiga kigelegele mpaka mpishi akatoka jikoni na mwiko. Wakati wa Krismasi alikuwa akitembea hadi kanisani na kurudi. Mama Yudith alitembea naye, na tulioona tunakumbuka alivyojikaza asionyeshe furaha yake, akashindwa.

Kisha Matilda akaona macho. Alikuwa akimnyoa mumewe uani, kwenye jua, akasimamisha wembe. Sehemu nyeupe ya macho ilikuwa imegeuka rangi ya manjano. Alikwenda moja kwa moja kwa Mama Yudith, na Mama Yudith akamleta Daktari. Mkojo nao ulikuwa mweusi kama chai ya rangi. Daktari aliamuru dawa isimame saa ile ile.

Hapo Mama Yudith alikosea, naye huwaeleza hivyo wauguzi wapya bila kuficha. Alibishana. Alisema mtu huyu ametolewa kaburini, wanataka kumrudisha? Si wangepunguza tu kiasi? Daktari Lindholm, ambaye si mtu wa kupaza sauti, alimjibu, "Yudith, nikimwachia dawa hii atakufa akiwa na furaha. Sitaki afe." Baadaye Mama alikwenda kumwambia Daktari kwamba ndiye aliyekuwa na haki, na kwamba alikuwa ameipenda dawa kwa sababu alimpenda mgonjwa, na hivyo ni vitu viwili.

Manjano yalichukua wiki nyingi kuondoka. Na kadiri macho yalivyokuwa yakirudi kuwa meupe, ndivyo Joachim alivyozidi kurudi kwenye kimya chake. Matilda alimtazama akienda, siku baada ya siku. Mwishoni mwa Februari alikuwa amelala tena akitazama mikono yake, na Mama Yudith alikuwa amerudi kwenye kigoda na maharage yake.

Mwezi wa Machi lilifika sanduku kutoka kwa marafiki wa misheni, na ndani yake kulikuwa na vidonge vya aina nyingine kabisa, imipramini. Daktari alituita wote. Alisema dawa hii si ndugu ya ile ya kwanza. Haimgusi yule mfagiaji. Jinsi inavyofanya kazi, alisema, bado haijulikani vizuri hata kwa walioitengeneza. Kinachojulikana ni kwamba watu wengi wa huzuni nzito huinuka, na ini kwa kawaida halisumbuliwi kama na ile nyingine. Hakutaka kuianza mpaka mwili wa Joachim uwe umesafika kabisa na ile ya zamani, maana hakuna aliyejua mbili hizo zikikutana zitafanya nini.

Imipramini ina taabu zake, na Mama Yudith alizifahamu moja moja kwa kumsikiliza Joachim. Kinywa kilikauka mpaka ulimi ukagandamana na meno. Akampa vipande vya muwa avitafune. Choo kilifunga, akaagiza mapapai na kumtembeza bustanini. Mkojo ulichelewa kutoka, na hilo lilimtia hofu kuliko mengine, akawa anamuuliza kila asubuhi bila aibu. Alitoka jasho kama mlimaji hata siku ya baridi. Maandishi ya karibu yalifanya ukungu machoni. Na mikono ilitetemeka. Kwa mtu mwingine kutetemeka ni kero ndogo, lakini Joachim alikuwa dereva, na mikono ile ile ndiyo aliyokuwa akiitazama.

"Madhara yanatangulia, faida inafuata," Mama Yudith alimwambia Matilda. "Ni dawa isiyo na adabu. Tuivumilie."

Mwezi wa Aprili ulipokuwa ukikaribia kwisha, Joachim alianza kuamka mapema. Alioga bila kuambiwa. Alitandika kitanda. Wodi nzima ilifurahi, na Matilda, ambaye hakuwa amewaona watoto wake kwa muda mrefu, alikwenda Ilomba kuwatazama.

Mama Yudith hakufurahi. Sababu yake iliwahi kutugharimu sote. Katika ugonjwa huu nguvu za mwili mara nyingi hurudi kabla ya tumaini. Mtu aliyekuwa amelala bila hata nguvu ya kujidhuru huinuka, na moyo wake bado uko chini. Mwaka uliotangulia tulimpoteza mgonjwa mmoja kwa namna hiyo, na jina lake hatutaliandika hapa. Kwa hiyo Mama aliwaambia wauguzi kwamba Joachim asiachwe peke yake, na vidonge vyake vyote alivifungia kabatini, akawa anampa kimoja kimoja mkononi, kwa kuwa vingi kwa mkupuo vinaua.

Mchana mmoja baada ya chakula, mgonjwa wa kitanda cha jirani alionekana amevaa shati zuri la buluu. Mama Yudith akamuuliza amelipata wapi.

"Amenipa Joachim. Amesema yeye halihitaji."

Mama hakuuliza lingine. Alitoka kwa haraka, akapita bustani ya mboga, akashuka njia ya chini inayokwenda barabara kuu. Alikuwa na umri wa miaka hamsini na nne na goti bovu. Alimkuta Joachim ameketi juu ya jiwe la kalavati, kwenye kona ambapo malori yatokayo Iringa hushuka kwa kasi.

Alikaa kando yake. Yaliyosemwa pale tumeyapata kwa wote wawili, na wanakubaliana.

"Mama, rudi. Jua kali."

"Nimechoka na mteremko huu. Ngoja nipumzike."

Lori moja lilishuka likapita. Mama Yudith alikuwa amekwisha shika mkono wa shati lake.

"Unasubiri gari?" akamuuliza.

Joachim alilifuata lori kwa macho mpaka likapotea. Kisha akasema, "Nasubiri lenye mzigo mzito. Hilo lilikuwa tupu. Tupu linaweza kusimama."

Mama Yudith hakumkemea. Hakumtajia dhambi, wala watoto, wala Matilda. Alitazama barabara pamoja naye, akauliza, "Na dereva wake?"

"Dereva gani?"

"Wa hilo lenye mzigo. Baada ya leo ataendeshaje? Atalala wapi? Wewe ndiye unayejua. Mimi sijui kuendesha."

Joachim anasema kwamba alimwona mtu yule. Hakumjua, lakini alimwona ameketi kitandani akitazama mikono yake. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ajali, alilia. Alilia kwa sauti kubwa mpaka wanawake waliokuwa wakipita na kuni wakatua mizigo. Mama Yudith aliwapungia wapite. Alimshika mpaka malori mawili yenye mizigo yakashuka na kwenda zake, kila moja na dereva wake.

"Twende," akasema mwishoni. "Goti langu halipandi peke yake. Nishike."

Wakapanda kilima, yeye akimwegemea, naye akimwegemea. Tuliowaona wakija hatukujua nani anamsaidia nani.

Baada ya hapo Matilda alirudi, na Joachim hakukaa peke yake hata dakika moja. Dawa iliendelea kwa kiasi kile kile. Daktari alikuwa amesema tungoje, tukangoja. Halafu asubuhi moja ya mwezi wa Mei Joachim alionja chai yake, akakunja uso, akasema, "Chai hii nani ameipika? Haina hata sukari." Mama Yudith aliweka sinia chini, akatoka barazani akacheka mpaka machozi. Alirudi na bakuli la sukari. Alituambia kwamba mtu anayelalamikia chai amekwisha amua kuinywa na kesho.

Joachim alitoka hospitali mwezi wa Julai. Kabla ya kurudi Ilomba walikwenda na Matilda kwa mama yake Tosamaganga, akakaa huko mwezi mzima. Hajaendesha lori tena, maana mikono bado inatetemeka kidogo, na Daktari amesema kidonge kitapunguzwa polepole, si kuachwa ghafla. Kwa sasa ni fundi wa injini katika karakana moja ya Mbeya mjini, na wanaopeleka magari kwake wanasema husikia ubovu kabla hajafungua boneti. Tulimuuliza kama amepona.

"Sijaacha kumkumbuka Mika," alisema. "Ila zamani nilikuwa namkumbuka amekufa. Siku hizi namkumbuka akiwa hai. Alikuwa na utani sana yule."

Tusiwadanganye wasomaji wetu kwamba kila mtu wa Wodi ya Kimya huondoka kwa miguu yake hivyo. Wako waliosaidiwa na dawa ya kwanza tu, wako waliosaidiwa na ya pili tu, na wako ambao hazikuwasaidia zote mbili. Juliana ni mmoja wao. Ameletwa kutoka vijiji vya Iringa akiwa amefiwa na mtoto, na amekaa nasi tangu mwanzo wa mwaka. Iproniazidi ilimnyima usingizi bila kumpa furaha. Imipramini ilimkausha kinywa bila kumfungua moyo. Daktari anawaandikia wenzake wa mbali kuuliza. Wakati huo Mama Yudith amekuwa akimsuka nywele kila Jumapili mchana, na kuzifumua, na kuzisuka tena.

Jumapili iliyopita alimsuka kwa mara ya mwisho. Alimwambia wazi kwamba anaondoka, kwa sababu hajawahi kumdanganya mgonjwa. Juliana, ambaye kwa wiki kadhaa hakuwa amesema neno, aligeuza kichwa kikiwa kimesukwa nusu.

"Jumapili ijayo huji?"

"Siji, mwanangu. Atakuja Lusia."

Juliana alimtazama Lusia, muuguzi anayepokea wodi, aliyekuwa amesimama mlangoni na uoga wake wote usoni.

"Anajua kusuka?"

"Hajui," alijibu Mama Yudith. "Itabidi umfundishe."

Juliana akasogea kwenye mkeka, akaacha nafasi, na kwa mkono akapapasa pale palipobaki wazi. Lusia akaja akaketi. Mama Yudith alimwekea mafungu matatu ya nywele vidoleni, na Juliana, akiwa amefumba macho, akasema, "Si hivyo. Anza chini." Walimaliza wakati jua likielekea mlimani. Mistari ilikuwa imepinda vibaya sana, na Juliana amekataa mpaka leo isifumuliwe.

Mama Yudith, kwa niaba ya madaktari, wauguzi, madresa, wapishi na watunza bustani wa Isengelo, na kwa niaba ya wale waliotoka hapa wakiwa wazima na wale ambao bado tunakaa nao, tunakushukuru. Umetufundisha kwamba dawa hupewa mtu, si ugonjwa, na kwamba atakayeimeza anastahili kuelezwa itamfanya nini. Lusia ameomba tuandike kwamba ataendelea na maharage.

Basi la Tukuyu linaondoka Jumamosi asubuhi. Msalimie Mzee Jailos, na umpikie kitu kisicho kiazi. Mungu awape wote wawili afya, kahawa nyingi, wajukuu wenye kelele, na asubuhi ambazo hakuna mtu wa kukugongea mlango. Nenda salama, mama yetu. Ndaga fijo, kama msemavyo kwenu: asante sana.

Ezekia Kalinga
kwa niaba ya wafanyakazi wa Wodi ya Mapumziko